Tumemtazama Rodriguez uani Kibokoni: pesa za sahani za muziki zilikwenda wapi?

#1 Mwana_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wana wa Mvita, na nyinyi wa Likoni mlioko ng'ambo ya maji.

Ijumaa baada ya isha tulitandika mikeka uani kwa mjomba. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, spika mbili za arusini, kahawa tungu na kashata. Tulikuwa watu thelathini hivi, watoto sikuwahesabu. Tukatazama Searching for Sugar Man, ile dokumentari ya mwaka 2012 aliyoitengeneza Malik Bendjelloul wa Uswidi. Kiingereza cha Detroit kiliwapita wengi, basi binamu yangu akasimama kando ya shuka akawa yuwatafsiri, nusu DJ Afro yule msimulizi wa sinema, nusu khatibu.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. Sixto Rodriguez, mtoto wa familia ya Kimexico, kazaliwa Detroit mwaka 1942. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, gitaa lake mapajani. Mwaka 1970 akatoa albamu ya Cold Fact, mwaka uliofuata Coming from Reality. Marekani hakuna aliyegeuza shingo. Kampuni ikamwacha, naye akarudi kwenye kazi za kubomoa nyumba na kubeba mizigo. Kumbe sahani zake zimevuka bahari mpaka Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imetengwa na dunia kwa sababu ya ubaguzi, na vijana wa Kizungu kule wamezihifadhi kama sisi tulivyohifadhi kasida za maulidi. Wakaamini amekufa. Huyu asema alijipiga risasi jukwaani, yule asema alijichoma moto. Mwenyewe yuko Detroit, friji mgongoni.

Alipopanda jukwaani Cape Town mwaka 1998, kina mama uani walipiga vigelegele utadhani bwana arusi ndiye aingia. Mimi nilikuwa nimekwama nyuma huko, pale mkubwa wa kampuni iliyomrekodi, Clarence Avant, anapoulizwa pesa za mauzo ya Afrika Kusini ziliishia wapi. Mzee aliwaka. Binamu hakuhitaji kutafsiri. Wale wa Afrika Kusini wanasema mirabaha, yaani fungu la msanii katika mauzo, walituma Marekani. Huyu wa Marekani anataka kujua kwa nini anaulizwa mambo ya miaka hiyo. Kisha filamu ikaendelea na safari yake, swali likabaki mlangoni kama kiatu cha mgeni.

Mlioitazama mwasemaje?

#2 Kaimati_Moto

Nilikuwepo, ni mimi nilokuwa nalia karibu na birika.

Kilichonitoa machozi si jukwaa. Ni yule mwenzake wa kazini akisimulia kuwa Rodriguez alikuwa akija kwenye vumbi la kubomoa nyumba amevaa suti ya karamu. Marehemu baba alikuwa kuli Kilindini. Hakutoka nyumbani hata siku moja bila shati lililopigwa pasi. Akifika bandarini alivua, akavaa ovaroli, jioni akavaa shati lake tena ndipo arudi. Majirani wakimcheka: "Huyu yuwaenda afisini?" Mimi mwenyewe nilikuwa nikiona haya. Basi nilipomwona yule mtu na suti yake, ndugu zangu, kahawa ilinishinda.

Ila nina neno moja. Mabinti zake watatu tumewasikia, wamesema vizuri, wamelelewa wakalelewa. Mama zao je? Mtu azae na kulea kwenye dhiki yote ile, halafu filamu ya dakika themanini na kitu isimpe hata nafasi ya kusema "nami nilikuwepo"?

#3 Nyundo_Kisauni

Mimi ni mwashi miaka ishirini na mbili. Sikuja Kibokoni, nimeitazama kwenye simu saa ya mapumziko, siku tatu mfululizo.

Nyote mwalia kuwa maskini alibeba friji. Friji nimebeba, tena la duka la nyama, tena ghorofa ya nne bila lifti. Kazi si msiba. Mwenyewe Rodriguez hakulia hata mara moja mle ndani, wanaolia ni wanaomtazama. Mimi nilitaka waniambie zaidi yale mengine. Mtu alisoma falsafa Chuo Kikuu cha Wayne State akamaliza mwaka 1981 huku akifanya kazi za mikono. Aligombea uongozi wa mji, karatasi ya kura ikaandika jina lake kimakosa! Hayo yanapita mbio kama tuktuk, halafu tunaonyeshwa akitembea juu ya theluji polepole mara ya tano.

#4 Pilipili_Mwitu

Samahani nitawamwagia maji uji. Filamu imewaficha kitu kikubwa.

Rodriguez hakuwa amesahauliwa dunia nzima mpaka 1998. Australia walimjua. Alikwenda kupiga huko mwaka 1979, akarudi mwaka 1981 pamoja na bendi ya Midnight Oil, na albamu ya maonyesho yake ya Australia ilitoka. Filamu haisemi hata neno. Ukiitazama, waamini alishuka jukwaani mwanzo wa miaka ya sabini, akarudi jukwaani uzee umeingia. Si kweli. Nilipokuja kujua nilihisi kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana kwa bei ya leo.

#5 Mwana_Kibokoni

@Pilipili_Mwitu, sikulijua hilo, nimekwenda kulitafuta na ni kweli. Limeniuma kidogo.

Lakini tazama kisa kimesimuliwa na nani. Ni watu wa Cape Town, yule mwenye duka la sahani na yule mwandishi aliyekuwa akimsaka. Wao kweli hawakujua. Nchi imefungwa, redio ya serikali inakagua nyimbo, sahani nyingine ikipelekwa maktaba ya redio yakwaruzwa kwa ncha kali ule wimbo usichezeke. Mtu aliyefungiwa chumbani hajui kama jirani wana arusi. Kosa ni la mtengenezaji: yeye hakuwa amefungiwa. Angetia sentensi moja tu ya Australia, na vigelegele vingepigwa vile vile.

#6 Kamera_Tudor

Napiga picha za arusi kwa hiyo nimeitazama kifundi. Picha zile zenye chembechembe, zinazofanana na filamu za zamani, nyingine Bendjelloul alizipiga kwa simu. Alianza na kamera ya filamu ya milimita nane, pesa zikamwishia, akanunua programu ya simu ya bei ya soda yenye kuigiza mwonekano ule ule. Akamalizia hivyo. Filamu hiyo ndiyo iliyochukua Oscar ya dokumentari mwaka 2013. Rodriguez hata hakwenda kwenye sherehe, hakutaka kuwafunika waliotengeneza filamu.

Nawaambia hivi kwa sababu hapa Mombasa kila ukimwambia mtu "tumrekodi fulani kabla hajaondoka" jibu ni kuwa hatuna kamera. Simu mwanazo. Mwarekodi nazo biriani.

(Bendjelloul mwenyewe alifariki mwaka 2014, umri miaka 36. Rodriguez Agosti 2023, na Avant siku tano tu baada yake. Swali la Mwana_Kibokoni limekosa wa kulijibu.)

#7 Bint_Majengo

Mimi nina swali jingine. Watu weusi wako wapi humo?

Kisa chatokea Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, na waliohojiwa huko karibu wote ni Wazungu. Sikatai, walikuwepo Wazungu walioupinga utawala ule, na nyimbo za mgeni ziliwapa ujasiri wa kusema. Lakini miaka hiyo hiyo Miriam Makeba hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kwao. Walimfutia pasipoti mwaka 1960, akarudi 1990. Huyu wa Detroit hajui kama anapendwa kule, na yule aliyezaliwa kule yuko uhamishoni akiimba, pamoja na mengine, Malaika yetu hii ya Kiswahili. Ningekuwa mimi ndiye mtengenezaji ningewaweka wawili hao kwenye fremu moja hata kwa dakika mbili.

#8 Nyundo_Kisauni

Hapo umegonga msumari, dada.

#9 Mzee_wa_Baraza

Wanangu, salaam. Mjukuu ananiandikia, mimi nasema naye aandika, kwa hiyo makosa ni yake.

Mwamwita Rodriguez mtunzi na mwimbaji. Neno hilo lanifikirisha. Huko kwao mtu mmoja anaketi na gitaa, anatunga, anaimba, na jina moja latosha kwenye sahani. Kwetu Mombasa haikuwa hivyo. Marehemu Zein l'Abdin alikuwa fundi wa udi usiosahaulika, lakini maneno mengine aliyoyaimba yametoka kwa Sheikh Ahmed Nabahany. Marehemu Juma Bhalo aliimba tungo za jamaa yake, malenga Ahmad Nassir, tena kwa mahadhi ya sinema za Kihindi. Malenga yuko kwake na kalamu, mwimbaji yuko na sauti, mahadhi yametoka Bombay, mpigaji taishokoto, ile ala ya nyuzi na vibonyezo, yuko, wa ngoma ya dumbaki yuko, na waitikiaji nyuma. Sasa niambieni, pesa zikija tumpe nani?

Na zilikuwa haziji. Niliyoyaona mimi arusini ni haya. Kikundi kinalipwa na mwenye arusi, kinalishwa. Usiku ukikolea kina mama wanainuka kutunza, noti moja moja, huku wamrushia mafumbo jirani. Hiyo tunzo ndiyo pesa. Pembeni yuko fundi wa redio ameketi na mashine yake, waya ameuchomeka kwenye kipaza sauti. Baada ya wiki kaseti iko dukani, na wiki nyingine iko Malindi, Lamu, Tanga, Muscat. Mwimbaji anaisikia sauti yake ndani ya basi, naye anayo nauli ya kwendea tu.

#10 Pilipili_Mwitu

Mzee, na hakuna aliyelalamika?

#11 Mzee_wa_Baraza

Walilalamika sana. Lakini ulikuwa ukilalamika kwa nani? Fundi huyo huyo ndiye jirani, ndiye shemeji, ndiye aliyekutengenezea kinanda kilipoungua. Tena wengine walitaka kaseti ienee, kwa kuwa ikienea waitwa arusi nyingine. Msilifanye jambo jepesi.

#12 Nyundo_Kisauni

Sasa niwaulize nyinyi mlioshikwa na uchungu wa Rodriguez. Nani hapa ana kaseti ya taarabu nyumbani iliyonunuliwa na mwimbaji akapata chake? Mimi naanza: sina. Zangu zote zilinakiliwa.

#13 Mwana_Kibokoni

@Nyundo_Kisauni, umenikamata. Nilikuwa nikilizungukazunguka hili tangu Ijumaa.

Marehemu baba alikuwa na duka dogo la kurekebisha redio. Mashine mbili zimeunganishwa kwa waya, kaseti ya asili huku, kaseti tupu kule. Mimi nikiwa darasa la tano kazi yangu baada ya madrasa ilikuwa kugeuza upande wa pili na kuandika majina kwa kalamu. Hati yangu ilisafiri mpaka Oman! Karo yangu ya shule ilitoka kwenye zile mashine. Nami nilimtazama yule mzee wa Marekani akiwaka kwa hasira nikasema "mwizi", halafu nikaangalia juu ya kabati la mjomba, na boksi lile liko pale pale, limeandikwa kwa mkono wangu.

Sisemi baba alikuwa mwizi. Sijui niseme nini, ndiyo nikafungua uzi.

Jana nimeliteremsha boksi. Kaseti arobaini na moja, nyingine zimeota ukungu. Moja haina jina. Ni arusi. Mwimbaji anawaamkia wenyeji wa Kuze, anaanza beti la pili, na hapo umeme wakatika. Kinanda kimya, taishokoto kimya, kipaza sauti kimya. Lakini mashine ya kurekodia ilikuwa ya betri, kwa hiyo yaendelea kunasa. Wasikia vigelegele, mtoto analia, na dumbaki peke yake haijasimama, yule bwana anapiga kama hakuna lililotokea, mpaka kina mama wanaudaka wimbo wenyewe kwa sauti zao. Dakika saba nzima za giza. Sijapata kusikia kitu kizuri kama hicho. Nimeweka kipande cha dakika moja hapa chini, aijuaye aseme.

#14 Wakili_Mtaani

Naingilia kwa sababu nimeona neno "mwizi" na sitaki mfikishane mbali.

Sheria yetu ya Hakimiliki ni ya mwaka 2001, na yatenganisha haki. Mwenye maneno na muziki ana yake, inayodumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Rekodi yenyewe ina haki yake, miaka 50 tangu iliporekodiwa. Na mpigaji au mwimbaji aliyetumbuiza naye ana haki yake kando. Ndiyo maana swali la Mzee la "tumpe nani" si la mchezo, jibu lake ni "wote, kila mtu kwa fungu lake". Ugumu ni kuwapata. Kaseti isiyo na jina haimlipi mtu.

Na hapo ndipo kesi ya Rodriguez ilikuwa na afadhali: jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kila sahani.

#15 Bint_Majengo

Jina liliandikwa na bado walidhani amekufa, wakili.

#16 Kaimati_Moto

Mwakumbuka walivyompata? Yule mwandishi alihangaika na anwani, akafuata pesa, wapi. Mwisho akasikiliza maneno ya wimbo, akaona ametaja Dearborn, kimji kilicho ubavuni mwa Detroit. Kisha wakaweka ukurasa kwenye intaneti kumtafuta, na binti yake Eva akauona akawaandikia. Yaani jibu lilikuwa ndani ya wimbo miaka yote.

Mwana_Kibokoni, yako imetaja Kuze. Kuze si Detroit, watu wa Kuze wajuana mpaka paka wao.

#17 Mzee_wa_Baraza

Nimesikilizishwa kile kipande mara tatu. Arusi hiyo n'likuwepo. Giza lile halisahauliki, kwa sababu sahani za biriani zilikuwa ndiyo kwanza zapakuliwa, na watu walikula wasichokiona. Mwimbaji namjua kwa sauti, ameshatangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Jina sitaliandika hapa kabla sijaonana na watoto wake.

#18 Pilipili_Mwitu

Mzee, bila kukuvunjia heshima, umeme Mombasa wakatika kila arusi. Utajuaje ni hiyo?

#19 Mzee_wa_Baraza

Kwa sababu ya dumbaki, mwanangu. Yule alikuwa na kawaida ya kuchelewesha pigo la mwisho, kama mtu anayesita mlangoni. Waimbaji wakimgombeza. Hakuna mwingine aliyepiga vile.

#20 Mjukuu_Wa_Kuze

Habari zenu. Mimi si mwandikaji, huwa nasoma tu. Nimejiandikisha usiku huu kwa ajili ya hili.

Rafiki alinitumia kile kipande akisema "hii si ngoma ya babu yako?" Babu yupo. Ana miaka themanini na moja, macho yamemsumbua, hatoki sana. Nilimpelekea simu akiwa yuwala. Sikumwambia ni nini, nilibonyeza tu.

Aliacha tonge. Mkono wa kushoto ukaanza kugonga ukingo wa meza, pole pole, na lile pigo la mwisho likachelewa sawasawa na kwenye kaseti. Kikaisha. Akasema, "Tena." Nikamchezea tena. Akaanza kuwataja: huyu aliyepiga kigelegele kirefu ni fulani, huyu mtoto anayelia sasa ana wajukuu. Alisema usiku ule hakunyamaza kwa sababu aliogopa akinyamaza watu wataondoka na tunzo itapotea.

Nilimuuliza kama aliwahi kuisikia rekodi hiyo. Akasema aliwahi kuiona dukani, hakuwa na pesa siku hiyo, na alipozirudia zilikuwa zimeisha.

Ndugu Mwana_Kibokoni, amenituma nikuulize: kaseti hiyo ni shilingi ngapi?

#21 Mwana_Kibokoni

Nimeisoma hii nikiwa kwenye feri, nimevuka mpaka Likoni nikasahau kushuka.

Mshikie babu mkono unibusie. Nakuja nayo kesho baada ya alasiri, yenyewe, na mashine ya baba ya kuchezea, maana sidhani kama mna kitu cha kaseti siku hizi. Tena upande wa pili hatujaufika, una nusu saa nyingine na umeme umerudi. Nyumba usiitaje hapa, niandikie faraghani. Ya shilingi nitakuja kuyazungumza naye uso kwa uso.

#22 Kamera_Tudor

Naja na kamera kama mzee ataridhia. Asiporidhia nabeba spika tu.

#23 Nyundo_Kisauni

Mimi naja mikono mitupu, lakini mashine ikigoma nina bisibisi.

#24 Kaimati_Moto

Baada ya alasiri saa ngapi? Unga wa kaimati wataka kuumuka.